Kuonekana nadhifu Goma: mwongozo kamili, kuanzia kola hadi kisigino

Kuna mtu anayevaa koti la bei ghali na bado anaonekana kama ametolewa kitandani kwa nguvu. Kuna mwingine mwenye mashati mawili tu, yote ya chagua, yaani mitumba, kutoka soko la Virunga, na kila akiingia mahali anasogezewa kiti. Nimewatazama watu wa namna zote mbili kwa muda mrefu, na ninachoamini ni hiki: jicho la mtu halikai katikati ya nguo, linakimbilia pale kitu kinapoishia. Ncha ya kola, mwisho wa mkono wa shati, pindo la suruali, kisigino cha kiatu, kucha, mstari wa nywele kwenye paji la uso. Ncha hizo zikiwa safi na zimenyooka, shati la kawaida linapanda daraja. Zikiwa zimechakaa, hata suti iliyoletwa kutoka Ulaya haikusaidii.

Na mji wetu unazishambulia ncha hizo kila siku. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya Goma, na mpaka leo tunatembea juu yake: mawe meusi, makali, yanayokwangua ngozi ya kiatu kipya kabla hata hujafika barabara ya lami. Kuanzia Juni hadi Agosti vumbi linatua juu ya kila kitu, na mvua zikirudi linageuka matope. Wengi wetu tunatumia maji ya bidoni (madumu), tunapika kwa makala (mkaa) na tunakwenda kazini kwa pikipiki. Ndiyo maana mashauri yaliyoandikwa kwa mtu wa Paris mwenye mashine ya kufulia hayatufai yalivyo. Haya ni ya mtu wa hapa, mwenye beseni, pasi ya makala na saa moja ya jioni.

Hatua ya kwanza: kagua nguo jioni, kukiwa bado na mwanga

Asubuhi haiaminiki. Umeme unaweza kukatika, bidoni inaweza kuwa tupu, mtoto anaweza kuamka na homa. Kila kitu kilichoachwa asubuhi ndicho kitakachoonekana hakikufanywa. Kwa hiyo kabla giza halijaingia toa nguo zote za kesho, soksi zikiwemo, uzitandaze kitandani karibu na dirisha, kisha pitisha macho kwenye ncha peke yake: kola, mikono, vifungo, zipu, mapindo.

Uzi unaoning'inia ukatwe kwa mkasi au wembe. Usiuvute, maana mara nyingi ndio ulioshika mshono wote. Kifungo kinachocheza kishonwe leo, kabla hakijaanguka barabarani. Tumia uzi uliokunjwa mara mbili, acha nafasi ndogo kati ya kifungo na kitambaa, na ukimaliza kupitisha sindano uzungushe uzi mara kadhaa kwenye nafasi hiyo kabla ya kufunga fundo. Kifungo kilichoshonwa kwa kubanwa kabisa hukivuta kitambaa kila unapofunga, na baada ya muda kinatoboa tundu.

Sweta za chagua huwa na vile vipele vidogo vya nyuzi, hasa chini ya kwapa na mbavuni. Tandaza sweta mezani, ivute iwe bapa, kisha pitisha wembe mpya juu juu bila kukandamiza, ukienda upande mmoja. Vipele vyote vinatoka na sweta inarudi kama ya dukani. Nywele na vumbi jepesi huondolewa kwa skochi iliyozungushwa mkononi, upande wenye gundi ukiwa nje.

Kama koti ni jipya, tazama mpasuo wa nyuma. Mara nyingi wanauacha umefungwa kwa uzi mweupe uliopigwa kama msalaba. Uzi huo ni wa kusafirishia tu, ukate. Lebo iliyoshonwa nje ya mkono wa koti nayo itoke. Najua wapo wanaoiacha makusudi ili jina lionekane, lakini kwa mtu anayeelewa nguo, lebo hiyo inasema koti bado liko dukani.

Hatua ya pili: kufua, na maji yetu yalivyo

Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi yaliyoyeyuka. Utayajua kwa sabuni: unasugua na povu linakuja kwa shida, na sabuni inaacha utando mwembamba kwenye kitambaa. Shati jeupe likifuliwa kwa maji ya ziwa peke yake miezi mingi linaelekea kijivu, na mwenye shati anadhani sabuni ni mbaya. Anachohitaji ni maji laini ya suuza ya mwisho, na hayo yanatoka mbinguni. Mvua ikianza iache kwanza dakika kadhaa ioshe bati, kwa sababu mabati yetu yanakusanya vumbi na majivu ya volkano, kisha ndipo utege beseni. Maji hayo yatunze kwa nguo nyeupe na kwa nywele.

Kola na ncha za mikono zishughulikiwe kabla shati halijaingia kwenye beseni. Lowesha, pakaza sabuni ya kipande, sugua kwa mswaki wa zamani kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi, uache kama nusu saa, kisha fua shati kama kawaida. Uchafu wa kola ni mafuta ya shingo yaliyochanganyika na vumbi, na mafuta hayatoki kwa haraka.

Madoa ya njano kwenye kwapa yana habari yake. Yanatokana na jasho likikutana na ile dawa ya kuzuia jasho, na watu wengi wanayamwagia maji ya klorini. Klorini huyazidisha unjano. Chukua magadi ya unga, yale ya kuokea, changanya na maji kidogo yawe uji mzito, paka ndani na nje, acha saa moja, sugua na suuza. Doa la zamani litahitaji kurudiwa.

Kikwembe (kitenge) kipya kifuliwe peke yake mara ya kwanza, kikiwa kimegeuzwa ndani nje, kwa maji baridi, na kianikwe kivulini. Tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hata siku yenye ubaridi, jua la hapa linakula rangi.

Kuanika ni nusu ya kupiga pasi. Shati likiwa bado linadondoka maji, litundike kwenye kitundikio, funga kifungo cha juu, kisha kwa mikono miwili vuta kola, ncha za mikono na ule ukanda wa vifungo mpaka vinyooke. Likikauka hivyo, pasi itakuwa na kazi ndogo. Usilitandaze juu ya mawe ya ua kama wengi wanavyofanya, maana mawe hayo yananasa nyuzi. Na kamba ya kuanikia iwe mbali na jiko. Moshi wa makala na wa kuni unaingia kwenye pamba mbichi kuliko kwenye pamba kavu, na harufu hiyo haitoki kwa manukato.

Msimu wa mvua, nguo isilale kwenye maji ya sabuni usiku kucha, wala isikunjwe ikiwa na unyevu hata kidogo. Ile harufu ya uvundo ndiko inakozaliwa. Ikishaingia, loweka nguo nusu saa kwenye maji yenye siki kiasi, suuza, na uikaushe mahali penye upepo.

Hatua ya tatu: wanga na pasi

Mama zetu walijua kazi hii, na ni huzuni kuona inasahaulika. Shati la pamba au kikwembe kilichotiwa wanga kinasimama, hakivuti vumbi haraka, na mikunjo ya kukaa inachelewa. Wanga wa muhogo unatosha. Koroga kijiko kimoja cha mezani kwenye kikombe cha maji baridi mpaka pasibaki madonge. Chemsha maji ya lita moja, kisha mimina ule mchanganyiko taratibu huku unakoroga bila kuacha. Utaona yale maji meupe yanabadilika, yanakuwa mazito kidogo na kuangaza. Hapo yameiva. Chuja kwa kitambaa safi, ongeza lita mbili au tatu za maji baridi, chovya nguo iliyokwisha kusuuzwa, kamua kwa upole na uanike. Ukitaka kola peke yake iwe ngumu, chovya kola peke yake. Unga wa fufu usiutumie, una makapi na utaacha madoa meupe. Tafuta wanga wenyewe, ule unaotuama chini muhogo uliotwangwa ukikamuliwa.

Nguo yenye wanga ipigwe pasi ikiwa na unyevunyevu. Kama imekauka, inyunyizie maji kwa vidole, ikunje, iache robo saa unyevu uenee.

Pasi ya makala iwashwe nje, mlangoni au uani, isiwe ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa ya makala inaua bila kunusa kitu. Subiri makala yashike yote na moshi uishe. Tikisa majivu ya chini yatoke, funga kifuniko, kisha futa tako la pasi kwa kitambaa chenye maji. Kabla ya kugusa shati la nje, jaribu kwenye kitambaa cha zamani cheupe: alama nyeusi au ya kahawia inakuambia pasi bado chafu au moto umezidi. Kama tako linakwama, lipitishe juu ya jani bichi la mgomba, halafu kwenye kitambaa. Litateleza.

Fuata mpangilio huu: kola kwanza, upande wa ndani kisha wa nje, ukianzia kwenye ncha kuelekea katikati. Ukianzia katikati utausukuma mkunjo mpaka kwenye ncha, pale pale macho ya watu yanapotua. Baada ya kola, ncha za mikono, kisha mikono yenyewe, kipande cha juu ya mabega, mbele, na mgongo mwishoni. Mgongo utakunjika kwenye kiti hata hivyo. Suruali nyeusi na kila kitu chenye poliesta kipigwe kikiwa kimegeuzwa ndani nje au kimefunikwa kwa kitambaa cha pamba, la sivyo utapata mng'ao kwenye magoti na makalio ambao hauondoki tena. Ukimaliza, tundika shati dakika kumi lipoe. Nguo ikivaliwa ya moto inachukua mikunjo upya.

Hatua ya nne: mpelekee fundi

Hapa ndipo pesa kidogo inazaa sana, na ndipo watu wengi wanaporuka. Nguo ya chagua ilikatwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine aliyeko mbali. Unapochagua, tazama mabega kwanza: mshono wa bega ukae juu ya ule mfupa wa ncha ya bega. Fundi anaweza kupunguza kiuno, kufupisha mikono, kubana suruali. Kufungua mabega ya koti ni kazi kubwa, na mara nyingi inagharimu kuliko koti lenyewe. Kwa hiyo bega likikataa, rudisha nguo kwenye rundo hata kama rangi inakuita.

Ukifika kwa fundi, vaa viatu vile utakavyovivalia suruali hiyo. Mwambie wazi: "Papa, mbele iguse kiatu kidogo tu, nyuma isifike chini ya kisigino." Kwa mji wenye matope hilo ni la lazima, maana pindo linalokanyagwa linakatika nyuzi ndani ya wiki chache. Mkono wa shati uishie kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, na mkono wa koti uwe mfupi kidogo ili shati lionekane kama upana wa kidole.

Kwa mama na dada wanaoshonesha vikwembe, jambo moja linatenganisha kazi safi na kazi ya haraka: michoro ikutane. Ua likikatwa nusu kifuani na nusu yake ikatokea pembeni, nguo nzima inaonekana imepinda hata ikikukaa vizuri. Kitambaa chenye michoro mikubwa kinahitaji nyongeza, kwa hiyo zungumza na fundi kabla ya kununua, usije ukampelekea yadi 6 kwa kazi inayotaka zaidi. Mwombe pia azishonee ncha za ndani zisifumuke, na akuachie akiba ya kitambaa kwenye mishono ya pembeni. Mwili hubadilika.

Hatua ya tano: viatu

Kama una nusu saa tu katika mwongozo huu wote, itumie hapa. Goma inamjua mtu kwa viatu vyake, kwa sababu kila mmoja anajua vilivyopita wapi.

Kosa kubwa ni kupaka dawa juu ya vumbi. Vumbi letu ni mawe yaliyosagika, na ukilisugua pamoja na dawa unaipiga ngozi msasa. Mtazame kijana mzuri wa kung'arisha viatu pale karibu na Rond-point Signers. Kabla hajafungua kopo, anatoa kamba za kiatu na kuziweka pembeni. Anachukua brashi kavu na kuanza na ule mfereji mwembamba ambapo soli inakutana na ngozi, anauzunguka wote, kiatu kikiwa kimeinamishwa ili vumbi lianguke chini lisirudi. Kisha kitambaa chenye maji kidogo, kilichokamuliwa. Kisha anakiacha kiatu kipumue huku anashika cha pili. Dawa inakuja baadaye kabisa, tena kidogo, kwenye ncha ya kitambaa kilichozungushwa vidole viwili, kwa miduara midogo. Wale wa haraka hupaka kopo zima na kukurudishia kiatu kinachong'aa dakika kumi, halafu kinashika vumbi mara mbili.

Nyumbani fanya vilevile. Kiatu kilicholowa kikauke kwanza kivulini, kikiwa kimejazwa karatasi za gazeti ndani, na karatasi zibadilishwe zikilowa. Usikiweke karibu na mbabula, lile jiko la makala, ngozi itakauka na kupasuka pale inapokunjwa na vidole. Kikikauka, paka dawa nyembamba, subiri kama dakika kumi iingie, piga brashi, malizia kwa kitambaa laini. Ukingo wa soli nao upakwe, pamoja na nyuma ya kisigino ambako wewe huoni na kila anayekufuata anaona. Sehemu iliyokwanguliwa na jiwe ipakwe dawa ya rangi mara mbili au tatu kwa siku tofauti, taratibu, mpaka alama izame.

Kisigino kinaliwa kwa nje. Kipeleke kwa fundi viatu wakati mpira wa chini umebaki kidogo, usisubiri mpaka uguse mbao au plastiki ya juu, maana hapo gharama inakuwa nyingine. Kwa viatu vya akina dada vyenye kisigino chembamba, kile kifuniko kidogo cha chini kibadilishwe mara tu unaposikia mlio wa chuma sakafuni.

Raba nyeupe zioshwe kwa mswaki na sabuni ya unga, zisuuzwe mpaka maji yatoke safi, kisha zifunikwe kote kwa karatasi nyeupe ya chooni na zikauke kivulini. Karatasi inanyonya ule unjano unaobaki ukiziweka juani hivi hivi. Kamba zifuliwe peke yake. Kamba chafu kwenye raba safi inaharibu kazi yote.

Na kwa wanaotoka mitaa ya ndani, Ndosho, Mugunga, Kyeshero ya juu: tembea na kambambili au viatu vya matope mpaka barabara kubwa, viatu vya kazi vikiwa kwenye mfuko. Wafanyakazi wengi wa Goma wanafanya hivyo na hakuna anayewashangaa. Beba pia kitambaa chenye unyevu cha kufutia miguu.

Hatua ya sita: nywele na ndevu

Kwa wanaume, sura ya kichwa inachorwa na mistari miwili, wa paji la uso na wa shingo. Mwili wa nywele unaweza kukaa wiki tatu, lakini mistari hiyo inapotea baada ya siku kumi hivi. Mwombe kinyozi akusafishie mistari peke yake katikati ya wiki hizo. Wengi wanakubali kwa bei ndogo. Usimruhusu kuusukuma mstari wa paji nyuma ili uwe sawa. Utamea kama vidoti na kukulazimisha kurudi kila wiki.

Mtazame akisafisha mashine kwa spiriti kabla haijakugusa. Mapunye na hata ugonjwa wa ini wa aina ya B vinaweza kupita kwenye vifaa visivyosafishwa. Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako. Kama ndevu zinakutoa vipele shingoni, tatizo ni nywele zenye kujikunja zinazorudi kwenye ngozi zikikatwa chini sana. Nyoa kwa kufuata zinakoelekea, usivute ngozi, usirudie rudie pale pale, au tumia mashine inayoacha kidogo. Vipele vitapungua ndani ya wiki chache.

Kwa wanaosuka, angalia ukingo. Rasta zinaweza kuwa nzuri mgongoni na kuchoka kwenye paji la uso, na hapo ndipo zinaposomwa. Lala na kitambaa laini cha kuteleza kichwani, na ukingo ukianza kuota unaweza kusukwa upya safu ya mbele tu. Lakini mwambie msusi mapema asibane: maumivu yanayokunyima usingizi ni nywele zinazong'olewa, na zile za pembeni mwa paji zikishakufa mizizi hazirudi. Wigi ya nailoni haipendi maji ya moto wala pasi ya nywele. Ichanwe kuanzia chini kwenda juu.

Kofia ya motari, yule dereva wa pikipiki, huvaliwa na vichwa vingi. Weka ndani yake kikofia chepesi chako mwenyewe, cha kufua kila jioni. Kinakulinda na mapunye ya watu, na kinazuia nywele kulaliana.

Hatua ya saba: ngozi, mikono, kucha

Kiangazi ngozi yetu inapauka, na inapaukia kwenye viungo: vifundo vya vidole, viwiko, visigino, nyuma ya masikio. Mafuta yapakwe mara tu unapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, kwa sababu kazi yake ni kuyafungia maji ndani. Vaselini au mafuta ya gliserini yanatosha. Beba chupa ndogo kwa ajili ya mikono, utaihitaji baada ya kila kunawa. Visigino vilivyopasuka vilowekwe kwenye maji ya vuguvugu, visuguliwe kwa jiwe lenye vitundu vitundu, ambalo hapa Goma hukosi, kwa upole, kisha vipakwe vaselini na kuvishwa soksi usiku.

Nataka kusema jambo kwa mdogo wangu yeyote anayesoma hapa, wa kike na wa kiume. Krimu za kujichubua haziwezi kukufanya nadhifu. Zinachubua mashavu na kuacha vifundo vya vidole na masikio vikiwa vyeusi, na mtu anayekupa mkono anaona rangi mbili. Nyingine zina zebaki inayoharibu figo, nyingine zina dawa kali zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba mpaka jeraha dogo halitaki kupona, na hidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi ya kibuluu ambayo hayafutiki. Ngozi iliyotunzwa kwa maji na mafuta, ya rangi yake yote, inang'aa kuliko hizo zote. Kama umeanza, usiache peke yako kwa ghafla ukiwa na vidonda au ngozi inayowaka. Muone daktari wa ngozi.

Kucha zikatwe baada ya kuoga, zikiwa laini. Za miguu zikatwe kwa kunyooka, zisizungushwe pembeni, zisije zikaingia kwenye nyama. Chini ya kucha safisha kwa kijiti cha mti na sabuni. Rangi ya kucha iliyobanduka nusu iondolewe yote. Kucha tupu zilizo safi zinapendeza.

Hatua ya nane: harufu

Osha kwapa kwanza kabla ya kufikiria manukato. Ile dawa ya kuzuia jasho inafanya kazi vizuri ikipakwa usiku, kwenye ngozi kavu, kwa sababu inahitaji muda wa kuziba njia za jasho. Sugua ulimi pamoja na meno. Manukato yaende kwenye ngozi, shingoni na kwenye vifundo vya mikono, mara mbili inatosha. Watu wa kwenye taksi wasilazimike kuyavuta pamoja nawe. Mpikie mgeni wako kabla hujavaa nguo ya kutokea, na mlango wa chumba chenye nguo ufungwe wakati mbabula inawaka.

Hatua ya tisa: rangi na vitu vidogo

Wasapa wa Kinshasa na Brazzaville, wale wanaoufanya uvaaji kuwa sanaa iitwayo sape, wana kanuni ya kutozidisha rangi tatu kwa wakati mmoja, na ninaiheshimu. Mwanamuziki Papa Wemba, aliyeanguka jukwaani Abidjan na kufariki tarehe 24 Aprili 2016, aliufanya mji mzima uone kwamba sape inaanza na usafi wa mwili, kunyoa na harufu nzuri, nguo zikifuata. Huhitaji nguo za gharama zake ili ufuate mpangilio huo. Mkanda ufanane na viatu kwa rangi. Soksi ziwe ndefu za kutosha ukikaa mguu usionekane. Kifungo cha chini cha koti kiachwe wazi. Kioo cha simu na cha miwani vifutwe, maana utavishika mbele ya watu.

Hatua ya kumi: njiani, na dakika tano za getini

Ukipanda pikipiki, funika koti kwa jaketi la mvua hata kama hakuna mvua, lifungwe mpaka juu. Mwambie motari mapema: "Kaka, pole pole kwenye vidimbwi." Mfuko mdogo ubebe brashi ya viatu, kitambaa kikavu na kingine chenye unyevu, kitana, pini mbili, sindano yenye uzi mweusi na mwingine mweupe.

Fika dakika tano kabla. Simama pembeni ya geti, mahali pasipo na upepo. Vua jaketi, ulikunje upande wenye vumbi ukiwa ndani. Badilisha viatu. Futa uso kwa kitambaa kikavu kwanza, kwa kugusagusa, ili vumbi lisigeuke tope kwenye jasho, halafu kile chenye unyevu. Rudisha kola mahali pake kwa vidole viwili, vuta ncha za shati zitoke kwenye koti, shusha pindo la suruali lililopanda kwenye soksi. Brashi mara tatu kwenye kila kiatu, kisigino kikiwa cha mwisho. Kisha piga hodi.